Mmea Usiotibu Kitu

Wenzangu vijana wa chumba cha mimea, mmenitaka niandike "uzoefu wangu". Neno kubwa hilo. Niliingia pale nywele zangu nyeusi, nimetoka nazipaka hina, na nilichobaki nacho ni mgongo mbovu, macho mabovu, na jambo moja ambalo sijapata kulisimulia. Vyeo nilivyopanda sitavitaja, havikuwa virefu. Naandika Kiswahili kwa sababu nimezaliwa Unguja, baba na mama Wangazija, tukarejea Moroni mimi ni mwari, na mkono wangu bado unaandika lugha uliyofundishwa. Ninyi mliosoma Dar es Salaam wasomeeni wenzenu.

Siku ya kwanza nilikwenda na viatu vya kisigino nikidhani nitakaa mbele ya taipureta. Nikapelekwa chumba cha nyuma. Makabati ya chuma yamejipanga ukutani, harufu ya naftalini inakwaruza koo, na mzee mmoja ameinamia meza, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, anashona jani kwenye karatasi nene kwa sindano na uzi mweupe. Hakuinua kichwa.

"Unajua kushona?"

Nikamwambia najua, bibi yangu alinifunza kushona kofia.

"Basi vua viatu hivyo ukae. Taipureta imeharibika."

Huyo ndiye Fundi Halidi. Kwetu fundi ni mwalimu, wala si mtu wa mabomba, na yeye alikuwa mwalimu wangu mpaka siku walipomwondoa. Alikuwa mtu wa Mirontsy, mji ulioshikana na Mutsamudu kule Anzuani. Mkewe alikuwa amefariki, mtoto hakujaaliwa, akapanga chumba Moroni mtaa uleule tunaokaa sisi, hatua chache kutoka msikitini. Kingazija alikisema vizuri kabisa ila lafudhi ya kwao haikumtoka, na watu walikuwa wakimtania kwa hilo naye akiwatania. Nilipoanza kazi utani ulikuwa utani.

Alinifunza kazi kwa kunifanya niirudie. Jani likikunjika kwenye gazeti, rudia. Ukiandika "ua jeupe" na ua lina rangi ya maziwa yaliyokaa, rudia. "Andika unachokiona, Bi Sitina, usiandike unachokijua," alikuwa akisema, na mimi nikiwa msichana wa mdomo nikamjibu kwamba sijui kitu, kwa hiyo hapo tupo salama. Akacheka mpaka akavua miwani. Lakini karatasi yangu aliichana vilevile.

Mimea ya majimaji ndiyo iliyonitoa machozi. Mmea wa nchi kavu ukiuweka kati ya magazeti, ukafunga vibao kwa mkanda, ukabadilisha magazeti kila siku, unakauka kama mtu mwenye adabu. Wa majimaji unageuka mweusi, unanata na gazeti, na ukiubandua unakuachia habari za mwaka juzi zimechapika kwenye jani. Fundi alikuwa na njia yake. Anajaza beseni maji, anauachia mmea uelee mpaka majani yatawanyike yenyewe, kisha anapitisha karatasi chini yake na kuinyanyua polepole, maji yanachuruzika, mmea unalala ulivyopenda. Juu yake anaweka karatasi ya nta, ndipo magazeti yafuate. Nimewafundisha njia hiyo wengi wenu na hamna hata mmoja aliyeuliza nimeitoa wapi.

Maji ya beseni lile hatukuyamwaga. Tulipiga deki kwanza, kisha tukamwagia mpapai. Msomaji wa ng'ambo akijaaliwa kusoma haya ajue kwamba kisiwa chetu cha Ngazija hakina mto. Mvua inanyesha ya kutisha, lakini jiwe la volkano linainywa yote, na asubuhi huoni hata dimbwi. Tunaishi kwa birika, tangi la kujengwa la kuhifadhi mvua. Maji ya paa yanaingia birikani masika, tunayala kidogokidogo kusi yote, na mtoto wa Kingazija hufundishwa kufunika birika kabla hajafundishwa kufunga mlango. Anzuani ni kwingine. Kule maji yanashuka milimani mchana na usiku, wanawake wanafua mtoni, na Fundi alikuwa akisema kwamba jambo lililomtia kichaa alipofika Moroni si joto wala watu, ni kulala bila kusikia maji.

Sasa nije kwenye huo mmea. Juu ya Mutsamudu, kwenye bonde moja lenye miti mikubwa, palikuwa na chemchemi inayotoka chini ya jiwe, na kwenye tope la chemchemi ile kiliota kitu ambacho Fundi alikiita Kidogo. Jina jingine hakina mpaka leo. Ndugu zake wa mbali wamejaa kila penye unyevu, lakini hiki Fundi hakupata kukiona pengine popote, na alikitafuta ujana wake wote. Jani lake halizidi kifungo cha shati, la mviringo, lina meno pembeni, limesimama juu ya kikonyo chembamba. Chini kinatambaa kwa kamba kama uzi wa kushonea magunia, na kila baada ya nafasi kuna kifundo, na kila kifundo kina mizizi yake. Maua yanajificha chini ya majani karibu na tope. Ukitaka kuyaona ulale kifudifudi. Kusi ikifika majani yote hukauka, ukadhani kimekufa, kumbe vifundo vimo topeni vinangoja. Kinadumu miaka na miaka hivyo. Kina mambo mawili kisiyoyavumilia. Hakitaki jua la moja kwa moja, na hakitaki maji yaliyolala. Maji lazima yatembee, hata kama ni kwa matone.

Na kila mtu aliyekiona aliuliza swali moja: kinatibu nini? Mkurugenzi aliuliza, wageni waliuliza, mama yangu aliuliza. Fundi alijibu vilevile kila mara. Hakitibu kitu. Alikwisha kuwauliza waganga na wazee wa kwao, akakichemsha akakinywa mwenyewe, akapata uchungu mdomoni tu. Mbuzi hawakigusi. Nikamwuliza kwa nini basi kimemkaa rohoni hivi. Akaniambia, "Kwa sababu kiko pale peke yake. Kikiondoka pale, kimeondoka duniani." Mtu ambaye hakuzaa, wanangu, anapata cha kukihofia vilevile.

Watu walikuwa wamekwisha kuanza kukata miti juu ya chemchemi ile. Likizo moja aliporudi kutoka kwao alikuja na kopo la maziwa ya unga lililojaa tope, akalishika mapajani njia nzima. Alitaka akiba. Tulijaribu kukipanda kazini kwenye beseni, kikaoza. Tukajaribu kwenye chungu, kikaungua. Hapo ndipo alipowaza msikiti.

Msikiti wa mtaa wetu una birika kubwa la mvua, na pembeni mwake kihodhi cha kutawadhia. Watu wakitawadha, maji yanapita kwenye mfereji wa mawe nyuma ya ukuta, kivulini, yanaishia kwenye kijitope. Mara tano kwa siku maji yanatembea pale. Moroni nzima hapakuwa na mahali pengine pa namna ile. Mwadhini wetu, Mbae Yusufu, alikuwa mzee mfupi mwenye sauti kubwa. Alikitazama koponi.

"Kinatibu nini?"

"Hakitibu kitu, Mbae."

"Basi hata wezi hawatakitaka. Panda. Ilimradi kisiingie birikani."

Kikashika. Loh, furaha ya mzee yule! Kila alfajiri baada ya sala utamkuta amepiga magoti nyuma ya ukuta, anatoa majani makavu na vipande vya sabuni. Watu walimzoea. Fakihi, muuza vitambaa ambaye duka lake linatazamana na msikiti, alikuwa akimpigia kelele kutoka barazani, "Fundi, mkeo mpya hajambo?" Naye anajibu, "Hajambo, anakuuliza kanga yake iko wapi." Fakihi huyohuyo ndiye aliyempa kanzu mpya Idi moja, bila kuombwa. Nataka mlijue hilo kabla sijaendelea.

Mwaka wa tisini na saba Anzuani ikajitangaza imejitenga. Tulisikia kwenye redio kazini, sindano zikiwa mikononi. Kwamba Mutsamudu watu wamepandisha bendera ya Wafaransa, kwamba wanataka warudishwe kwa mkoloni. Wengine walicheka. Fundi hakucheka, alimaliza kushona shina lake, akafunga fundo, akakata uzi. Kisha wanajeshi wakapelekwa kutoka Moroni, wengine hawakurudi, na kuna nyumba za mtaa wetu ambazo ziliweka matanga. Kuanzia hapo utani ukabadilika. Ofisini wakaanza kumwita "mheshimiwa wa nchi ya jirani". Mara ya kwanza alijibu, mara ya pili akatabasamu, baadaye akawa anakula chakula chake mezani pake akitupa mgongo. Mimi nilikwenda kukaa naye. Hatukuzungumza siasa. Tulizungumza naftalini, imekuwa adimu.

Akanieleza siku moja jambo lililokuwa linamla. Simu za Anzuani zilikuwa zinakatika, na dada yake Zalihata, aliyebaki Mirontsy, alikuwa amemtumia maneno kwa mtu aliyepitia kisiwa cha Mayotte: miti ya bondeni inakwisha. "Kama huku kitakufa na kule kikafa," akaniambia, "basi, kimekwisha." Alisema vile kwa sauti ya mtu anayesoma kibandiko. Nikajua ameogopa.

Mwaka wa tisini na tisa mazungumzo ya Madagaska yakavunjika, Anzuani wakakataa kutia saini, na Moroni ikashikwa na wazimu. Sina neno jingine. Vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani Mwanzuani humu. Wanasimamishwa watu barabarani watamke neno, lafudhi ikiwasaliti wanapigwa. Bandarini familia nzima zimekaa juu ya magodoro zikingoja chombo chochote kinachoelea. Na wengi walikuwa watu waliooa kwetu, waliozaa kwetu, waliotuchimbia makaburi. Nilimwambia Fundi aje akae kwetu. Akasema yeye ni mzee, nani atamsumbua mzee.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Nilisikia kelele nikatoka na kanga kichwani. Nyuma ya msikiti watu wamejazana, Fundi katikati, na Fakihi amesimama mbele yake. Fakihi hakuwa na fimbo. Alikuwa na hofu, na hiyo ni mbaya kuliko fimbo. Mtoto wake alikuwa anaumwa tumbo siku kadhaa, na siyo wake tu.

"Tunakuuliza kwa wema," akasema. "Hiki ni nini?"

"Mmea."

"Kinatibu nini?"

Nilijipenyeza mpaka nikamfikia ubavuni. Nikamnong'oneza, "Fundi, sema kinatibu tumbo. Nakuomba kwa Mungu. Sema tumbo tu." Neno moja lile, na pengine wangemwomba majani wakaenda zao. Alinitazama kwa macho ya kazini, yale ya kuchana karatasi.

"Hakitibu kitu," akasema kwa sauti.

"Kinaliwa?"

"Hakiliwi."

"Basi mtu mzima mwenye akili zake," Fakihi akawageukia watu, "anapiga magoti kila alfajiri pembeni mwa birika letu kwa kitu kisicholiwa wala kisichotibu. Kinafanya kazi gani hapo?"

Nyuma mtu akalitaja neno sihiri, na mwingine akasema sumu, na mwingine akasema yote mawili. Mbae Yusufu akapandisha ile sauti yake ya adhana. "Mimi nimekunywa maji haya leo asubuhi! Niko hai!" Na mtu, Mungu amsamehe, akamjibu, "Sihiri haina haraka, Mbae." Baadhi walicheka. Hata mimi nusura nicheke, nami nimeshika mkono wa kanzu ya Fundi.

Wakaamua kulimwaga birika.

Waanzuani wakisimuliwa haya hawaelewi. Kwao maji yakichafuka unangoja kidogo yanapita mengine. Sisi masika ilikuwa inakwisha. Birika limejaa mpaka shingoni, na hayo ndiyo maji ya mtaa kwa kusi nzima, ya kutawadha, ya kuoshea maiti, ya nyumba zisizo na birika lao. Wakazibua tundu la chini wakachota na ndoo juu ili yaishe upesi. Maji yakashuka kichochoroni yamekuwa mto, mto wa kwanza niliouona Moroni. Wanawake wakatoka na masufuria kuchota, wakaambiwa ni sumu, wakayamwaga. Mtoto mmoja akawa anachezea, mama yake akamchapa huku analia.

Fundi alikuwa amesimama wima wakati wote walipokuwa wakimtukana. Maji yalipoanza kutoka ndipo alipovunjika. "Jamani, maji!" akapiga kelele, na lafudhi yake yote ya Mirontsy ikatoka. "Nifukuzeni mimi, maji yaacheni! Mtakunywa nini? Watoto watakunywa nini?" Akajaribu kuziba tundu kwa mikono yake. Wakamtoa. Hawakumpiga sana. Walimtoa tu, kanzu imelowa, ni ile ya Idi. Kidogo walikikwangua kwa jembe mpaka kwenye mawe, wakakichoma kwa mafuta ya taa.

Wahenga wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Nadhani methali hiyo waliitunga watu waliokuwa na mto karibu, kwa sababu wanaisema bila kulia.

Kesho yake nilimsindikiza bandarini. Alikuwa na mkoba mmoja, na lenzi yake ya mkono shingoni. Watu wa kusimamia msafara walimwambia aharakishe. Akaniambia maneno machache ya kazi, kama vile anakwenda likizo: kabati la tatu mlango unashika, utiwe mafuta, wadudu wameingia kwenye familia ya mianzi. Kisha akasema, "Usitafute majani, Bi Sitina. Tafuta vifundo. Vimeingia chini ya mawe."

Nilivitafuta. Niliungoja mtaa ulale mchana, kwenye joto la baada ya chakula, nikaenda na kijiko cha jikoni. Chini ya jiwe la pili la mfereji, penye tope lililobaki, nilipata uzi mweusi wenye vifundo vichache vilivyo hai. Nilivitia kwenye kanga nikaja navyo nyumbani, nikavipanda uani chini ya mahali tunapooshea vyombo. Nyumbani tulikuwa na birika letu dogo. Kila nilipoosha sahani niliyaachia maji yapite pale polepole, na sabuni nikaacha kutumia, nikatumia jivu. Mume wangu alisema nimerithi wazimu wa mzee. Nikamwambia ndiyo.

Kusi ile mtaa ulipata taabu. Watu walinunua maji ya lori, wasioweza waliomba. Kijana wa Mbae alipofariki maji ya kumwoshea yalitoka kwetu. Fakihi alimtuma binti yake na ndoo mlangoni kwangu mara nyingi, na nilimpa, ingawa kuna siku nilitamani nimwambie arudi akamwulize baba yake. Hakuna aliyelitaja birika. Hata mara moja. Walilisugua, wakalipaka chokaa, wakangoja mvua. Na matumbo ya watoto hayakupona. Yalizidi, kwa maji ya lori.

Anzuani nayo ikawekewa vikwazo. Mafuta hayaingii, dawa haziingii, simu kimya. Sikuwa na habari za Fundi ila salamu za mdomo zinazofika zimechoka. Nilichojua ni kwamba yuko hai kwa Zalihata. Kazini nikapewa meza yake, na niliikataa mpaka nikaamrishwa.

Wakubwa walipopatana kule kisiwani Mwali na vyombo vikaanza kwenda tena kwa amani, niliomba likizo. Kidogo uani kwangu kilikuwa kimejaa, kizuri, kibichi. Nilichukua vifundo vingi pamoja na tope lake nikavitia kwenye kopo la maziwa, nikalifunika kitambaa kibichi. Nilikuwa na furaha jamani, siwafichi. Nilikuwa namrudishia mzee kitu chake. Kwenye bandari ya Mutsamudu askari mmoja aliingiza pua koponi akauliza swali lilelile, nikamwambia kinatibu tumbo, akanipisha.

Zalihata alinifungulia mlango Mirontsy. Mwanamke mrefu, mkavu, na pua ya kaka yake. Fundi alikuwa amekaa kwenye mkeka, amebaki mifupa. Presha, na vidonge vyake havikuwa vikiingia wakati wa vikwazo. Nikaweka kopo mbele yake, nikatoa kitambaa. Alilitazama. Akavaa miwani akalitazama tena, akalala kifudifudi pale pale mkekani, mzee mzima, apate kuona chini ya majani. Aliponyanyuka uso umelowa.

"Twende," akasema.

Zalihata akamkataza. Hakusikia. Tulipanda bondeni asubuhi, mimi na dada yake tumemshika huku na huku, tukipumzika kila kona. Sikuwahi kufika pale kabla. Nilikuwa nimepajua kwa maneno yake tu: miti mikubwa, kivuli, sauti ya maji unayoisikia kabla hujafika. Tulitembea na mimi nangoja niisikie. Nikadhani masikio yangu ndiyo mabovu.

Miti haikuwepo. Mlima wote umekuwa visiki na mihogo. Kwenye vikwazo, mafuta ya taa hakuna, gesi hakuna, mji mzima wa Mutsamudu ulipanda kule kutafuta kuni na kuchoma makaa. Jiwe lilikuwepo. Chini yake palikuwa na alama nyeupe ya mahali maji yalipokuwa yakipita, na vumbi.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Niliambiwa. Sikuwahi kuja." Akaweka kiganja kwenye jiwe. "Na mimi chakula changu kilipikwa kwa kuni hizi. Zalihata angepikia nini?"

Dada yake akageuka upande. Nikalia mimi, kwa hasira, sijui namlilia nani. Nikasema tutatafuta mto mwingine, Anzuani yote hii. Akatikisa kichwa. Mito iliyobaki inakauka kusi, na inayofika mjini ina sabuni na betri. Hata yule mzee wa kuandika anachokiona hakuhitaji lenzi kwa hilo.

"Rudi nacho," akasema.

"Wapi?"

"Pale. Msikitini."

"Kwa wale, Fundi? Kwa wale waliokufukuza?"

"Wana maji yanayotembea. Hapa hakuna." Akaniwekea kopo mikononi. "Zungumza na Mbae Yusufu. Akipande upande wa pili wa mfereji, wasikikumbuke."

Nikarudi nacho. Mbae, ambaye uzee ulikuwa umeshamla sauti, alikipanda siku moja kabla ya adhana ya adhuhuri, mimi nikimshikia kopo. Hakuuliza kitu. Fundi alifariki mwaka uliofuata, akazikwa Mirontsy, nami sikuwahi kwenda kwa sababu habari zilinifikia arubaini imepita. Kile cha uani kwangu kilikufa tulipohama nyumba. Mbae naye akaenda zake. Kidogo kilichobaki, kwa ninavyojua na kwa alivyojua Fundi, ni kile cha nyuma ya msikiti.

Miaka ikapita. Zalihata akaletwa Moroni hospitali kwa ajili ya macho, akakaa kwangu. Aliniomba kabla ya kupasuliwa nimpeleke akakione kilichokuwa kwenye kopo. Tukaenda wakati msikiti mtupu. Mtaa umebadilika, mfereji umewekewa kijukuta cha matofali kuukinga, na Kidogo kimejaa pande zote mbili, ndiyo kwanza kinatoa maua. Zalihata akapiga magoti, macho yake hayaoni vizuri, akanyoosha mkono apapase.

"Mama, taratibu, usikiguse!"

Ni Fakihi. Mzee sasa, na bakora, na ndiye anayeangalia msikiti baada ya Mbae. Kijukuta kile amekijenga yeye. Aliposikia Zalihata anavyoomba radhi aliijua lafudhi, na uso wake ukawa laini, akasema karibu mama, sisi sote ndugu, yale mambo yalikuwa ya wakubwa. Alisema kwa moyo wake, niliona.

"Ni mmea wa hapa kwetu," akamweleza. "Haupatikani penginepo popote. Wataalamu wanakuja kuutazama. Zamani palikuwa na kibaya hapa, tukakichoma, ndipo Mungu akatuletea huu."

"Nani aliupanda?" Zalihata akauliza.

"Umeota wenyewe, mama. Kwa baraka ya maji ya udhu."

Nilifungua mdomo. Jina lake lilikuwa limefika kwenye ulimi, lote, na la baba yake, na la Mirontsy, na nilitaka nilitamke pale kwa sauti mpaka msikiti ulisikie. Zalihata akanishika mkono akanibana, ana nguvu yule, akanivutia kwake.

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Wakijua ni chake, watakichoma tena."

Nikanyamaza. Fakihi akatuinamishia ndoo, akatumiminia maji tukanawa tope mikononi, na Zalihata akamshukuru.